Faili Lako la Mikopo na Haki Yako ya Kulisoma

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wanachama waliohudhuria.)



Halmashauri ya Chama ilinitaka niseme juu ya jambo lenye faida kwa wanachama. Niliambiwa waziwazi kwamba siasa si faida, na kwamba habari za mabwenini zimekwisha kusimuliwa na watu wenye vipawa kunishinda. Basi nimechagua habari ya ripoti za mikopo, ambazo hapa Kenya twazijua kwa herufi tatu tu: CRB. Najua kwamba herufi hizo zikitajwa mbele ya watu wazima, wengine hukohoa na wengine hutazama saa. Msiwe na hofu. Sikuja na orodha.

Kazi yangu kwa miaka kadhaa imenikalisha kwenye meza ambayo karatasi za waombaji wa kazi hupitia. Mtu akitaka kazi katika ofisi nyingi za umma huambiwa alete cheti cha polisi cha tabia njema, cheti cha kodi, barua ya HELB, cheti cha tume ya maadili, na cheti cha CRB. Nimeona vijana wengi wenye shahada nzuri wakisimama kwenye cheti hiki cha mwisho. Mmoja wao alisoma papa hapa, miaka mingi baada yetu. Alikuwa amefaulu mahojiano. Alipokwenda kutafuta cheti alikuta jina lake limeandikwa kuwa ana deni la shilingi elfu tatu na kitu ambalo halijalipwa. Deni hilo alikuwa amelilipa miaka miwili nyuma, na ujumbe wa malipo alikuwa nao kwenye simu. Mkopeshaji alipokea pesa zake lakini hakupeleka habari kwamba amelipwa. Jambo lilikuja kunyooshwa, naam, baada ya majuma kadhaa ya kwenda na kurudi. Lakini nafasi ile ilikwisha kupewa mtu aliyemfuata.

Sina haja ya kuuliza hapa nani wa kulaumiwa. Ninalotaka mlitazame ni hili: kijana yule hakuwa amekosea lolote, ila faili lake lilisema amekosea, naye hakujua lasema nini mpaka siku alipolihitaji.

Hebu nieleze kwanza mambo haya yanavyokwenda, maana watu wengi husema “nimewekwa CRB” kama mtu asemavyo amewekwa rumande. CRB si jela, wala si orodha ya waovu. Ni ofisi ya kuweka kumbukumbu za mikopo. Benki na wakopeshaji wengine hupeleka huko habari za wakopaji wao: nani alikopa, lini, kiasi gani, amelipaje. Mkopeshaji mwingine anapoombwa mkopo, huuliza ofisi hiyo. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliyewahi kukopa benki, awe analipa kama saa au la, jina lake limo humo. Aliye mlipaji mwema anayo kumbukumbu njema, na hiyo ni mali.

Sheria ya mambo haya ni kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Benki, kwanza mwaka 2008, zikatengenezwa upya mwaka 2013, na tena mwaka 2020. Kampuni ya kwanza ilipewa leseni na Benki Kuu mwaka 2010, nayo leo yajulikana kwa jina la TransUnion. Metropol ilifuata mwaka 2011, na Creditinfo mwaka 2015. Hapo mwanzo zilipelekewa habari mbaya tu, yaani za mikopo iliyokwama, na nadhani sifa yao mbaya ilizaliwa wakati huo. Kanuni za 2013 ndizo zilizotaka habari njema nazo zipelekwe.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1841 mfanyabiashara mmoja wa New York, Lewis Tappan, alianzisha ofisi ya kukusanya habari za wenye maduka mikoani ili wauzaji wa jumla wajue nani wa kumwamini kwa mali. Baadaye wakaja wengine waliokusanya habari za watu wa kawaida, na mafaili yao hayakuwa ya madeni peke yake. Walikwenda kwa majirani wakauliza kama fulani ni mlevi, kama nyumba yake ni safi, kama aelewana na mkewe. Na mwenyewe hakuruhusiwa kuona kilichoandikwa. Ugomvi ulikua hata Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1970 iliyompa mtu haki ya kujua kilichomo katika faili lake na kukipinga kama si kweli. Haki tuliyo nayo sisi leo ni ya ukoo mmoja na ile.

Hapa kwetu daftari la madeni tulilijua dukani. Mwenye duka alikuwa na kitabu chake kimefungwa kwa uzi, kalamu imening'inia. Ukisema hukuchukua kilo mbili za sukari bali moja, kitabu kilifunguliwa mbele yako, mkabishana, mstari ukakatwa au ukabaki. Uzuri wa kitabu kile ni kwamba mdaiwa na mdai walikitazama pamoja. Kitabu cha leo kiko ndani ya kompyuta usiyoiona, kimeandikwa na mtu usiyemjua, na chasomwa na watu wengi. Sheria imejaribu kukurudisha kaunta ili ukitazame. Lakini lazima uende mwenyewe, hakuna atakayekuita.

Sasa haki zenyewe. Kila mwaka unayo haki ya kupewa ripoti yako mara moja bila malipo na kila moja ya kampuni hizi. Siku hizi yapatikana hata kwa simu ya mkononi, kwa kutoa namba ya kitambulisho. Nasisitiza kila moja, kwa sababu si ajabu kosa likawa limerekebishwa kwa mmoja na kubaki kwa mwingine. Hali kadhalika, mkopeshaji akikunyima mkopo kwa sababu ya yale aliyoyasoma katika ripoti, ampasa akujulishe hivyo, nawe waweza kuipata ripoti ile bure ukidai ndani ya siku 30. Wengi wetu tukikataliwa huinuka kimya kwa aibu tukaondoka. Kaa kitini, uliza: ni ripoti ya kampuni gani, na inasema nini?

Kabla ya jina lako kupelekwa kwa habari mbaya, mkopeshaji apaswa kukupa taarifa siku 30 mbele. Mkopo kwa kawaida huhesabiwa kuwa umekwama ukichelewa siku 90. Kwa hiyo mtu hana budi kuwa na muda wa kujitetea, ikiwa taarifa inamfikia. Na hapa ndipo penye shida kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Taarifa hupelekwa kwa anwani au namba ya simu uliyoandika siku ulipokopa. Wangapi kati yetu wana sanduku la posta walilolihama, au laini ya simu waliyoitupa? Ukibadili namba, waambie benki kabla hata hujawaambia marafiki.

Ipo pia haki ya kupinga. Ukiona jambo lisilo kweli, andika kwa kampuni yenye ripoti, ueleze kosa ni lipi, utie vielelezo. Wao wapaswa kuweka alama katika faili kwamba habari hiyo inabishaniwa, na kumwuliza mkopeshaji aliyeileta. Habari ikionekana si kweli, yarekebishwa au yafutwa. Andikeni, jamani. Malalamiko ya mdomo kwa kijana aliye kwenye kaunta hayana tarehe wala ushahidi. Nami niliyekaa miaka katika ofisi za serikali nawahakikishia kwamba barua yenye muhuri wa kupokelewa hutembea, na maneno matupu hulala.

Juu ya kanuni hizi ipo Katiba yenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomdhuru. Halafu ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, iliyoleta ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Ofisi hiyo si ya mapambo. Mnamo Septemba 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kuchukua majina na namba za watu wengine na kuwasumbua kwa vitisho. Basi mkopeshaji asipokusikiliza, na kampuni ya ripoti isipokusikiliza, iko Benki Kuu inayowapa leseni, iko ofisi hii ya data, na ziko mahakama.

Ukiishika ripoti yako, isome kama mwalimu wetu wa hesabu alivyosoma madaftari yetu, yaani bila huruma. Anza na jina na namba ya kitambulisho. Tarakimu moja ikikosewa, deni la mtu mwingine laweza kuwa lako. Kisha tazama mikopo yote iliyoorodheshwa. Upo usioujua? Kitambulisho kikipotea au kikiibwa, mtu aweza kukopa kwa jina lako, nawe utasikia habari baada ya miaka. Upo uliokwisha kuulipa ambao bado umeandikwa kuwa na salio? Huu ndio ugonjwa wa kijana wetu yule. Tazama pia tarehe uliyomaliza kulipa, usidhani ni jambo dogo. Habari ya mkopo uliokwama hukaa katika faili miaka mitano baada ya deni kulipwa, kwa hiyo tarehe ikikosewa kwa mwaka mmoja umeongezewa mwaka mmoja. Mwisho yako majina ya waliouliza habari zako. Ukimkuta mkopeshaji ambaye hujawahi kumwomba chochote, mwulize alikuwa anatafuta nini.

Juu ya ripoti huwa kuna alama, kama zile za mtihani. Za Metropol huanzia 200 hadi 900. Alama husaidia, lakini sioni sababu ya mtu kukosa usingizi kwa ajili yake. Zirekebishe habari zilizo chini, nayo alama itazifuata.

Watu huchanganya ripoti na cheti. Ripoti ni historia nzima. Cheti husema tu kwamba huna mkopo uliokwama ambao haujalipwa. Kanuni za 2020 zilisema cheti cha kwanza kitolewe bure. Hilo lasaidia vijana wanaotafuta kazi kwa mara ya kwanza, ambao wengi wao walikuwa wakilipa zaidi ya shilingi elfu mbili kwa karatasi ya kuthibitisha kwamba hawajakopa kitu. Wazee wenzangu wenye watoto chuoni, wapelekeeni habari hiyo leo jioni. Waambieni pia kwamba mkopo wa HELB ni mkopo kama mwingine, na asiyeulipa huweza kupelekwa CRB.

Nitasema kidogo juu ya mikopo ya simu, maana ndiyo iliyowafikisha wengi huko. Ilikuja kwa kasi, na mtu aliweza kuorodheshwa kwa shilingi mia mbili. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu ilisema deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe, na wale waliokwisha kuorodheshwa kwa viasi hivyo waondolewe. Ikawanyima pia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa na mtu ruhusa ya kupeleka habari. Sheria ya kuwasimamia wakopeshaji hao ilipitishwa mwaka 2021, na kanuni zake zikatoka Machi 2022.

Kulikuwa pia na vipindi vya nafuu. Kuanzia Oktoba 2021 hadi Septemba 2022, habari mbaya za mikopo isiyofika shilingi milioni 5 hazikupelekwa. Baadaye, Novemba 2022, ukaja mpango wa kurekebisha mikopo midogo ya simu. Mikopo iliyohusika ilikuwa ya kiasi cha shilingi bilioni 30, na wenye nayo walizidi milioni 4. Wakopeshaji walitoa punguzo lisilopungua nusu ya deni, na aliyekubali alipewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa lililobaki. Nawasimulia haya kwa sababu nimekutana na watu, tena wasomi, waliosikia redioni kwamba “CRB imefutwa” wakaacha kulipa. Hakuna deni lililofutwa na tangazo. Kama ulikuwa na mkopo siku hizo na hukuufuatilia, ndiyo sababu moja zaidi ya kuitazama ripoti yako.

Jihadharini vilevile na wale wanaobandika matangazo kwenye nguzo za stima kwamba watakutoa CRB kwa ada. Habari ya uwongo waweza kuifuta mwenyewe kwa barua. Habari ya kweli hawawezi kuifuta hata wao. Watachukua pesa, na namba ya kitambulisho juu yake, na hiyo namba ndiyo hatari kubwa kuliko hizo pesa.

Bwana Mwenyekiti naona ananyosha kidole. Nina neno moja tu la mwisho, nalo linatuhusu sisi kama Chama. Tumezoea kudhaminiana. Mtu aliyekula nawe maharagwe yale yale miaka minne akikuletea fomu ya ushirika wake utie sahihi, hata kusoma husomi. Tulikopeshana sukari na sabuni hapa shuleni na hakuna aliyeandika. Lakini tangu kanuni za 2020, vyama vya akiba na mikopo vilivyo chini ya msimamizi wao, SASRA, vimeingia katika mpango huu wa kupashana habari. Mwenzako asipolipa, kwanza akiba yako yashikwa, nalo jina lake lapelekwa. Sisemi tuache kudhaminiana; kwa maoni yangu ndiko kunakofanya vyama hivi viishi. Ila kuna swali ambalo mdhamini ana haki ya kuliuliza, nalo ni: “Ndugu, ripoti yako nayo iko wapi?” Mwenyewe aweza kuipata bure, aje nayo tuisome pamoja mezani kama kile kitabu cha duka. Akikasirika, basi amekwisha kukujibu.

Kuna aliyeniuliza asubuhi, tulipokuwa tukingoja chai, afanye nini ikiwa kitambulisho chake kilipotea mwaka jana na hajui kama kimetumiwa. Nilimwahidi kujibu mbele ya wote. Kama hakuandikisha polisi aandikishe, apewe karatasi ya kupotelewa. Kisha aombe ripoti kwa kampuni zote. Akikuta mkopo asioujua, ampelekee mkopeshaji nakala ya karatasi ile pamoja na barua ya kukana mkopo, na nakala nyingine aipeleke kwa kampuni ya ripoti ili mkopo huo uwekewe alama ya kubishaniwa. Asilipe hata senti moja “ili mambo yaishe”, kwa sababu akilipa ataonekana amekubali kwamba deni ni lake. Baada ya miezi mitatu aombe tena kuona kama umeondolewa.

Nimeandika kielelezo cha barua ya namna hiyo, ukurasa mmoja, na Bwana Katibu anazo nakala kule nyuma.